Milango ya bajaji ilimsitiri, mtaro ukamwanika

Asubuhi, jua likiwa bado halijavuka mabati ya nyumba za jirani, mwanamume mwenye mabega mapana amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wake. Shati lake la kazi limepigwa pasi. Mbele yake imesimama bajaji ya kijani isiyo na milango.

Mkono wa kulia anaupeleka juu, anashika bomba la paa. Wa kushoto anaukita kwenye kiti cha dereva. Anavuta pumzi, anajiinua, anajirusha ndani. Halafu anainama, anashika mguu wake wa kulia kwa mikono miwili na kuuingiza ndani kama mtu anayepakia mzigo wa abiria. Kisha wa kushoto.

Mke wake anaondoa kigoda. Anachomeka magongo mawili nyuma ya kiti cha abiria, anachukua kitambaa na kukifuta kiti hicho, ingawa alikifuta jana jioni na tangu hapo hakuna aliyekikalia.

"Kazi njema, baba watoto."

"Omba abiria wawe wengi," anajibu dereva, na kuwasha injini.

Mtaani wanamwita Kabati. Jina hilo lilianzia kwenye chombo chake. Kwa miaka kadhaa bajaji yake ndiyo pekee pale kijiweni iliyokuwa na milango ya bati pande zote, vioo vya kuteleza na komeo la ndani. "Ukiingia mle umefungiwa kabatini," abiria walitania. Jina likahama kutoka kwenye bajaji, likamganda mwenye bajaji.

Milango sasa imelala uvunguni mwa kitanda chake. Aliing'oa mwenyewe, parafujo moja baada ya nyingine, huku mke wake akimshikia taa.

"Nimeitoa ili watu wanione kabla hawajapanda," anasema. "Sitaki tena kuambiwa kwamba nimemdanganya mtu."

Kinachoonekana sasa ni miguu yake. Ni myembamba kama mikono ya mtoto, imepinda magotini, imelala upande mmoja wa sakafu ya bajaji. Ugonjwa wa kupooza ulimpata kabla hajajifunza kukimbia. Hakumbuki kamwe kuwa na miguu ya namna nyingine.

Akifika barabarani, haendi kijiweni walikojipanga wenzake. Anakipita, anawapungia mkono, wanampungia. Anakata kona na kusimama peke yake kando ya duka la vifaa vya ujenzi, kwenye kivuli chembamba cha ukuta.

Hapo anasubiri, nami mwandishi nikiwa kando yake.

Anakuja kijana mwenye begi. Anaharakisha, ameshainua mkono, ameshataja anakokwenda. Kisha anainama ili aingie, na macho yake yanatua chini. Anasita. Anajipapasa mifukoni.

"Samahani kaka, kuna kitu nimesahau nyumbani."

"Haya, kimbilia," Kabati anamjibu kwa upole.

Kijana anageuka, lakini haelekei nyumbani. Anakwenda kule kijiweni, anapanda bajaji nyingine, na dakika moja baadaye anapita mbele yetu akiangalia upande wa pili.

"Wengi husahau vitu," anasema Kabati. "Sijui ni maji tunayokunywa. Mji huu una watu wasahaulifu sana."

Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali.

Kabla ya bajaji, Kabati alikuwa fundi wa redio, baadaye simu. Alikaa kwenye kibanda kidogo akiwa ameinamisha kichwa kutwa nzima. Anasema kazi ile haikuwa mbaya, ila ilimnyima watu.

"Mteja anakuachia simu anaondoka. Akirudi anaulizia simu, haniulizii mimi. Mimi napenda kuongea. Nikinyamaza kwa saa nzima, nasikia kama nimefungwa mdomo kwa kamba."

Wazo la bajaji lilitoka kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye ni fundi wa magari. Siku moja shemeji huyo alimkuta kibandani, akasimama akimtazama mikono kwa muda mrefu.

"Shemeji," alimwambia, "bajaji inaendeshwa kwa mikono. Inachotaka mguu ni breki tu. Nikikuletea breki mkononi, kuna nini tena?"

Na kweli hakukuwa na kitu kingine. Bajaji haina usukani wa mviringo kama gari. Ina mshikio kama wa pikipiki. Mkono wa kushoto unashika klachi na kubadilisha gia, wa kulia unavuta mafuta. Wenzo wa kurudi nyuma uko pembeni ya kiti. Fundi aliunganisha chuma kwenye pedali ya breki, akakipandisha hadi pembeni ya goti la kulia, na mwishoni akakivalisha mpira wa mpini wa baiskeli.

Kabati aliuza kiwanja alichoachiwa na baba yake, akanunua chombo. Kujifunza kulimchukua muda. Aliangukia kwenye ua wa jirani, akabomoa banda la kuku, akalipa kuku wawili na kupewa mmoja ale.

"Mkono wa kulia una kazi mbili, kutia mafuta na kufunga breki," anaeleza huku tukiondoka na abiria wa kwanza wa siku, mzee asiyeona vizuri ambaye hakuinama kuangalia chochote. "Vyote viwili haviendi pamoja. Kwa hiyo lazima uone mbele. Mwenye miguu anaweza kushtuka ndiyo afunge breki. Mimi sina ruhusa ya kushtuka."

Mbele yetu kuna kona kali. Anapunguza mwendo mapema, kabla hatujaifikia, kisha anaizunguka taratibu na kuongeza mafuta tukiwa tumenyooka.

"Bajaji haipendi kona. Mbele ina tairi moja tu, haina cha kuegemea. Ukiingia na mwendo, unainua tairi la nyuma, na likishainuka, umebaki na dua. Wanaokimbia kwenye kona hawajaanguka bado, ndiyo maana wanakimbia."

Shimo linakuja. Gari lililo mbele yetu linaliacha katikati ya matairi yake na kupita bila taabu. Kabati analizunguka lote.

"Sisi hatuna katikati," anasema. "Katikati ndiko kuna tairi."

Sifa za chombo chake anazijua pia. Bajaji inageuka kwenye uchochoro ambao gari lingekwama. Inakunywa mafuta kidogo. Inasimama mlangoni kwa mgonjwa. Na ikifungwa milango, abiria anafika kazini bila vumbi wala tope, na hakuna wa kumpokonya mkoba kwenye foleni. Ubaya wake ni joto, na vioo kujaa ukungu mvua ikinyesha, na upepo wa pembeni unaoisukuma kama boksi.

Lakini milango ile, anakiri, hakuiweka kwa sababu ya mvua.

Miezi ya mwanzo aliendesha bajaji iliyo wazi kama za wenzake. Abiria walikuja, wakaangalia chini, wakasahau vitu nyumbani. Mama mmoja alikwishakaa, akaona miguu, akashuka bila kusema neno. Jioni Kabati alirudi nyumbani na pesa isiyotosha hata mafuta ya kesho.

Shemeji fundi ndiye aliyeshauri. Alikata bati, akapinda, akachomelea. Mlango wa dereva ulianzia sakafuni hadi kifuani. Juu ya hapo palikuwa na kioo, na nyuma ya kioo palikuwa na mwanamume mwenye mabega mapana, shati lililopigwa pasi na mdomo usiokauka maneno.

"Kuanzia siku ile nikawa mtu," anasema. "Mtu mzima kabisa. Walikuwa wanapigana kugombea bajaji yangu."

Kijiweni wenzake walijua. Waliitunza siri ile bila kukaa kikao. Abiria mwenye mizigo akifika, dereva mwingine aliruka kutoka kwenye bajaji yake, akamnyanyulia sanduku na kulipakia. Abiria walidhani ndio ustaarabu wa kijiwe hicho, na wakakisifu.

Tatizo lilikuwa mwisho wa safari.

"'Dereva, shuka basi unisaidie huu mzigo.' Hilo neno nililiogopa kuliko lori," anasema. "Nilikuwa nasema mgongo unaniuma, au siwezi kuacha chombo, wezi wengi hapa. Walinitukana. Mmoja aliniambia, 'Kukaa tu ndiko unakojua, mvivu mkubwa wewe.' Nilicheka. Ningefanya nini? Alikuwa amesema kweli."

Abiria aliyempenda kuliko wote alikuwa mwanamke mwenye duka la vitambaa. Kabati alimfuata kila asubuhi nyumbani kwake, watoto wake wakapakia majora ya vitambaa nyuma, naye akamfikisha dukani majora yakiwa makavu. Kwa miaka minne hawakukosana hata siku moja. Alimwita "dada", naye akamwita "kaka yangu wa asubuhi".

Safari ilikuwa fupi, lakini maneno yalikuwa mengi. Kabati alijua mume wa mwanamke yule alipoondoka na alipotaka kurudi. Alijua mtoto yupi alikuwa mkaidi. Alimshauri akubali posa ya binti yake, na harusi ilipofika, bajaji ya kijani ndiyo iliyobeba sufuria.

"Aliniomba niingie ndani nile na wageni," anakumbuka. "Nikamwambia nina abiria ananisubiri. Nikaenda kusimama barabara ya pili, nikausikiliza muziki nikiwa ndani ya bajaji."

Siku iliyovunja yote ilikuwa ya mvua.

Mwanamke wa vitambaa alikuwa nyuma na majora yake. Vioo vilikuwa vimefungwa. Walikuwa wakiongea habari za mjukuu anayetarajiwa, wakibishania jina, pale pikapu ilipochomoka kutoka kituo cha mafuta bila kuangalia kushoto wala kulia.

Kabati aliachia mafuta, akavuta mpini wa breki, akakata kushoto. Bajaji ilitii. Ilipunguza mwendo, ikaikosa pikapu, na ingesimama salama kama si mtaro. Tairi la mbele lilitumbukia ukingoni.

"Haikuanguka kwa kishindo," anasema. "Ililala. Polepole, kama mtu aliyechoka. Niliona kabisa kwamba tunakwenda, na sikuwa na la kufanya."

Ilianguka kwa ubavu wa kushoto. Milango ya upande huo ilibanwa na ardhi, ya upande wa pili ikawa juu kama mfuniko. Watu walikuja mbio. Walifungua mlango wa nyuma, wakamtoa mwanamke akiwa ameshika kiganja chake cha kushoto, kilichokuwa kimevunjika. Kisha wakafungua mlango wa dereva.

"Toka!" walimwambia.

"Siwezi. Nivuteni."

"Huwezi nini? Toka, umeua mtu!"

Mikono miwili ilimshika makwapani na kumvuta juu. Walimsimamisha barabarani, wakamwachia. Kabati akaanguka kwenye tope. Wakamwinua, wakamwachia, akaanguka tena.

"Kalewa huyu!" mmoja akasema.

Hapo ndipo mwenye pikapu alipopata njia ya kutokea. Alishuka, akajipenyeza katikati ya watu, akapaza sauti kuliko wote. "Si mnaona wenyewe? Asubuhi yote hii mtu hawezi kusimama! Watu kama hawa ndio wanaotumaliza."

Kofi la kwanza lilitoka nyuma. La pili hakuliona limetoka wapi. Alijaribu kueleza, lakini alikuwa na tope mdomoni. Mtu alimshika suruali ili amburute kando, na suruali ikapanda hadi magotini.

Watu wakanyamaza.

"Kimya kile kiliniuma kuliko makofi," anasema Kabati. "Nilikuwa nimelala pale, miguu yangu iko nje, na kila mtu anaiangalia. Hata mvua nadhani ilinyamaza."

Kimya hakikudumu. Sauti ya mwanamume ilipasua: "Nani kampa kiwete bajaji?" Na mara makelele yakarudi, safari hii yakiwa na lugha nyingine. Aliyempiga kofi sasa alijiona ana haki zaidi kuliko mwanzo.

Kabati hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anamtafuta mwanamke wa vitambaa. Alimwona amekaa kwenye tofali, kiganja kifuani, majora yake yametawanyika mtaroni yakinywa maji machafu. Macho yao yalikutana. Kisha mwanamke akashusha macho hadi kwenye miguu.

"Kumbe!" akasema.

Walimpakia kwenye gari la msamaria mmoja, akaenda hospitali. Kabati aliletewa gongo moja. La pili halikuonekana hadi leo. Anadhani kuna mtu alilichukua kwa kuni, na ilibidi achongewe jingine.

Askari wa usalama barabarani alifika, na hapa Kabati anataka iandikwe vizuri, kwa sababu anasema askari yule alikuwa mtu wa haki. Bajaji iliinuliwa. Askari alikaa kwenye kiti cha dereva, akavuta mpini wa breki mara kadhaa, akaangalia alama za matairi, akatazama leseni. Leseni ilikuwa halali, na marekebisho ya breki yalikuwa yameandikwa.

"Kosa ni la pikapu," alisema mbele ya watu. Mwenye pikapu alitozwa faini na kulipia bati lililobonyea.

"Kwa serikali nilishinda," anasema Kabati. "Nikadhani yamekwisha."

Hayakuwa yamekwisha. Habari ilitembea haraka kuliko bajaji yoyote. Abiria walianza kufika kijiweni na kuuliza, "Yule asiye na miguu ni yupi?" Hawakuuliza ili wapande. Waliuliza ili wamwepuke. Wengine walianza kuchungulia miguu ya kila dereva, hata ya wale wanaocheza mpira jioni.

Mwenyekiti wa kijiwe ni rafiki yake wa siku nyingi. Alimwendea nyumbani, akakaa, akanywa chai, akaongea habari za hali ya hewa hadi chai ikapoa.

"Kaka," hatimaye alisema, "wewe ni wetu, na utabaki wetu. Ila abiria wanatukimbia. Vijana wana watoto. Ukisogea kidogo tu, pale kwenye kona, mpaka watu wasahau..."

"Niliwahi kukukosea?" Kabati alimuuliza.

"Hujanikosea."

"Basi sema tu kwamba unanifukuza, nijue nimefukuzwa."

Mwenyekiti aliinamisha kichwa. Alipoulizwa na mwandishi wa habari hii, hakukana. "Nilimfukuza," alisema. "Nilikosa jinsi. Ninapompungia mkono asubuhi, mkono wenyewe unaona haya."

Siku za milango, Kabati alipata safari kumi na tano kabla ya adhuhuri. Siku ya kwanza niliyokaa naye alipata nne: mzee asiyeona vizuri, wanafunzi wawili waliochelewa, mlevi, na mwanamke mmoja aliyeangalia miguu, akasita, akapanda, kisha akashikilia bomba kwa mikono yote miwili hadi mwisho wa safari.

"Dada, kona ile nimeizunguka vizuri?" Kabati alimuuliza alipokuwa akishuka.

"Vizuri, vizuri tu," alijibu, bila kumtazama.

Mvua ilinyesha kidogo mchana. Bila milango, maji yaliingia moja kwa moja hadi kwenye magoti yake. Miguu ile haina nguvu, lakini baridi inaisikia sawasawa. Aliikunja chini ya gunia na kuendelea kusubiri.

Duka la vitambaa liko mtaa wa tatu kutoka hapo. Mwenyewe ni mwanamke mwenye sauti ya chini na mkono wa kushoto usiokunjuka sawasawa. Alipoelezwa sababu ya ujio wangu, alimtuma msichana wake akanunue maji, ndipo akaongea.

"Sikumchukia," alisema. "Naomba uandike hivyo. Ila miaka minne! Nilimwambia mambo ambayo mama yangu hayajui. Mume wangu, madeni yangu, kila kitu. Nikawa najiona nina ndugu. Na yeye mlangoni kwangu kila siku, hakunitajia jambo kubwa kama lile."

"Angekuambia, ungepanda?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nisingepanda," alisema. "Ndiyo kweli yenyewe. Nisingepanda, na ningemkosa."

Siku hizi anaendeshwa na kijana ambaye bajaji yake haina hata pazia. Majora yanafika yamelowa, na kwenye kona yeye hufumba macho.

"Anakimbiza kama kuna anayemfukuza. Kila siku nasema kesho sipandi tena."

"Kwa nini basi humrudii kaka yako wa asubuhi?"

"Nilijaribu," alisema kwa sauti ya chini zaidi. "Nilitoka siku moja nikaenda hadi pale kwenye kona. Nilimwona kwa mbali. Nikaukumbuka ule mtaro. Nikageuka." Alikilaza kitambaa mezani. "Yeye ananilaumu?"

Swali hilo nilimfikishia Kabati jioni.

"Mwambie simlaumu," alisema. Kisha akabadilisha. "Hapana. Mwambie namlaumu kidogo. Asije akadhani sikuumia."

Mke wake alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Ni mwanamke mrefu, asiyependa kuzungushwa. Alikuja na kipande cha kitambaa cha maua ya samawati, kipya, hakijakatwa. Mwanamke wa dukani alikituma baada ya kutoka hospitali, pamoja na salamu.

"Kitambaa kizuri, sikatai," alisema. "Nitakishona siku atakayopanda tena. Sasa hivi nikikivaa kitaniwasha."

Ndani ya nyumba hiyo ya vyumba viwili kumekuwa na ubishi kwa wiki kadhaa. Kabati amepata mpango, na mke wake haupendi.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye ukuta wake ndio unaompa kivuli, amemwona akikaa bure kutwa nzima. Ana saruji, misumari na ndoo za rangi za kupeleka kwa wateja wanaojenga. Alimwambia kwamba akiondoa kiti cha abiria na kuweka bodi la mizigo, kazi ipo kila siku. Wapakiaji watapakia, wapokeaji watashusha. Hakuna atakayemwambia ashuke amsaidie.

"Mfuko wa saruji hauinami kuchungulia," Kabati anasema. "Haushiki bomba kwa hofu. Na hausahau kitu nyumbani."

"Na utaongea na nani?" mke wake anamkatiza. "Wewe ukirudi unaniletea mji mzima mdomoni. Nani kaoa, nani kaachwa, nani anadanganya mkubwa wake kazini. Mimi nimeishi na habari zako miaka yote hii. Sasa utaniletea nini? Habari za saruji?"

"Nitakuletea unga."

"Unga nitaula. Maneno nitapata wapi?"

Kabati anasema ana watoto wawili shuleni, na maneno hayalipi ada.

Siku ya pili ya mazungumzo yetu, shemeji fundi anafika pale kwenye kona na sanduku la spana. Amekwishapima. Bodi liko tayari karakanani kwake, limepakwa rangi ya kijani ile ile ili lisionekane la kuazima. Kilichobaki ni kukitoa kiti cha abiria.

Kabati hashuki. Anageuza shingo na kutazama kutoka kwenye kiti chake, mkono mmoja ukiwa begani kwa shemeji yake. Fundi anajikunja nyuma, anatia mafuta kwenye nati zilizoshika kutu, anaanza kufungua. Ya kwanza inatoka kwa mlio. Ya pili inakataa, anaigonga, inatoka. Ya tatu inalegea kirahisi.

Mara mwanamke mmoja anatokea mbio kwenye kona, mkoba begani, jasho usoni, mtoto mgongoni. Haangalii kulia wala kushoto. Anashika bomba la bajaji kwa mkono mmoja, mguu wake umeshakanyaga ndani.

"Kaka yangu, nipeleke hospitali, mtoto ana homa. Haraka, tafadhali."

Fundi anainua uso, spana mkononi. Kiti bado kipo, kimeshikwa na nati moja. Kingeweza kumbeba hadi hospitali na kurudi.

Kabati anamtazama mwanamke yule. Mkono wake wa kulia unagusa mpini wa breki, kisha unarudi mapajani.

"Dada, hii ni ya mizigo," anasema. "Hapo mbele tu, ukikata kona, zipo nyingi za watu. Mwambie wa kwanza kwamba Kabati kasema akuwahishe, asikutoze."

Mwanamke hapotezi muda. Anakimbia. Sauti za kijiweni zinasikika, injini inawaka, na bajaji inaondoka kwa kasi kuelekea hospitali.

Fundi bado ameinua uso.

"Shemeji," anasema taratibu, "yule hata hakuangalia chini."

"Alikuwa na haraka," anajibu Kabati. "Angeangalia njiani. Mtoto mgonjwa, mama anaanza kulia humu ndani kwa hofu, mimi niendeshe vipi?"

"Huenda asingelia."

"Huenda."

Ndani ya duka mtu anahesabu mabati kwa sauti. Kesho, mwenye duka amesema, kuna safari tatu za saruji kwenda kwenye nyumba inayojengwa juu ya kilima, na Kabati amekwishaulizia kona za njia hiyo.

Anatoa mkono wake begani kwa shemeji, anageuka mbele, anashika mshikio wa bajaji kwa mikono yote miwili ingawa injini imezimwa.

"Fungua hiyo ya mwisho," anasema.